Mwali Niliyemfunda Alikwenda Safari Yangu ya Meli

Umri wangu ni miaka sitini, labda imezidi. Cheti cha kuzaliwa sina na wala sikitafuti. Ninakaa Temeke, katika nyumba yangu mwenyewe, na wapangaji wangu wananiita Bi Mwasiti.

Nasema nyumba yangu mwenyewe kwa sababu hakuna mwanamume aliyenijengea. Niliijenga kwa makuti. Nilianza kusuka makuti nikiwa mtoto kule Kisarawe, nikaja nayo mjini, nikasuka mpaka vidole vikaota sugu kama visigino. Miaka ile, kabla watu hawajajua mabati, nusu ya Temeke ililala chini ya kazi ya mikono yangu. Mvua ikinyesha nilikuwa nakaa barazani najisemea: leo hakuna anayelowa, nimewafunika mie!

Shule sikwenda. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikifundishwa na kijana niliyemwona anazaliwa. Mkikuta herufi zimelala upande, nisameheni. Ila maneno ni yangu.

Nimesoma mikasa yenu wasomaji wenzangu. Mnadhulumiwa, mnalia, halafu mwisho mnasamehe. Mie nimedhulumiwa, nimelia... lakini sikusamehe! Nisikilizeni, kisha mnihukumu mnavyotaka.

Kwanza niwaeleze ndugu zangu wa bara ambao hawajui mila zetu. Mbali na makuti, mie ni kungwi. Msichana wa kwetu akivunja ungo, huwekwa ndani, na kungwi ndiye anayekaa naye humo siku zote, akamfunda usafi, adabu, na namna ya kuishi na watu. Yanayosemwa humo hayaandikwi gazetini. Msichana huyo ni mwali wako, na wewe ni kungwi wake mpaka kaburini. Akiolewa unasimama wewe. Akizaa unaitwa wewe. Hata mama yake mzazi hana nafasi hiyo.

Mungu hakunijalia mtoto. Wali niliowafunda ndio walikuwa watoto wangu, na katika wote niliyempenda kupita kiasi ni Zainabu.

Zainabu alikuwa yatima, ukoo wake wa Chanika. Nilimfunda mie, nikamwoza mie, na ndoa yake ilipovunjika akiwa na miaka ishirini na kitu, alirudi kwangu mie. Nilimpa chumba cha uani bila kodi. Alikula chungu kimoja nami. Mume wangu Selemani alimwita "mwanetu." Mwanetu! Nikilikumbuka neno lile hata leo natema mate.

Selemani alikuwa mtu wa bandarini, anaendesha winchi ya kupakulia shehena. Mwanamume wa maneno mengi na mashati ya kupigwa pasi. Nilimwoa... ndiyo, nimeandika nilimwoa, sikukosea. Alikuja kwangu na sanduku moja, akakuta kitanda, akakuta godoro, akakuta nyumba.

Sasa tuje kwenye meli.

Siku moja, miaka michache baada ya Uhuru, nilikwenda mjini kudai hesabu ya makuti, nikapita njia ya pwani. Ilikuwa inatoka meli nyeupe, kubwa kama mtaa mzima. Juu yake nikaona wazungu wazee, akina mama wa umri wangu na kuzidi, wamejilaza kwenye viti, miguu juu, miwani myeusi usoni. Nikamuuliza mlinzi aliyekuwa karibu: hawa wanakwenda wapi?

"Hawaendi popote, mama," akanijibu. "Wanazunguka tu, wanatazama miji, halafu wanarudi kwao."

"Hawana mgonjwa huko wanakokwenda?"

"Hawana."

"Hawana msiba? Hawana biashara?"

"Mama, wanapumzika!"

Wasomaji, nilisimama pale mpaka meli ikapotea. Mie tangu nizaliwe sijapata kufunga safari isipokuwa kuna aliyekufa, aliyezaa, au anayetaka makuti. Kumbe mtu mzima anaweza kupanda chombo, akakaa, akaletewa chai, na asiwe na haja yoyote anakokwenda? Moyo wangu ulishikwa. Nikasema Mwasiti, nawe utapanda, hata mara moja kabla hujafa!

Nilipomweleza Selemani alicheka mpaka akakohoa. Akasema mie ni Mzaramo wa makuti, meli nitaitapikia. Lakini sikukoma. Kila jioni nilimuuliza habari za meli, na mwisho akakiri kwamba iko meli ya abiria inayozunguka pwani yetu. Inatoka Dar, inapita Unguja, inapita Tanga, inafika Mombasa, inakaa huko kidogo halafu inarudi. Daraja la pili unapewa chumba cha watu wawili na chakula cha mezani.

"Basi hicho chumba cha wawili," nikamwambia. "Mie na wewe. Nalipa mie."

Mtaa mzima ulinicheka. Wakati ule Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, kila mkutano watu wanahimizwa jembe na jasho, halafu Bi Mwasiti anasema anakwenda kupumzika baharini! Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuniuliza kama nimekuwa bepari. Nikamwonesha viganja vyangu. Nikamwambia bepari mwenye sugu hizi anitafutie mwingine, nimpe shikamoo. Akatazama, akaomba maji ya kunywa.

Mpangaji wangu mmoja, Mama Anna, mke wa mwalimu kutoka bara, yeye alinitania kila asubuhi. "Bi Mwasiti, mtu unapandaje meli huna hata maiti ya kusindikiza?" Namjibu: "Nakwenda kuzika uchovu, Mama Anna, lete rambirambi!"

Tulikuwa tunacheka. Zainabu naye alikuwa anacheka. Tena ndiye aliyekuwa akicheka kwa sauti kuliko wote.

Maandalizi yale yalikuwa sikukuu. Niliambiwa melini watu wanakula kwa kisu na uma, basi tukanunua, tukakaa barazani mie na Zainabu tunajifunza kukata muhogo wa kuchemsha. Mie wangu uliruka ukaangukia kwa kuku. Yeye alishika haraka, anakata vipande vidogo, anatia mdomoni taratibu kama mke wa bwana shauri wa Kizungu. Nilimsifu! Nilimwambia mwanangu, una mkono wa melini wewe.

Nikaogopa kutapika. Nikasema tumbo nalo lifundwe. Tukawa tunakwenda kupanda pantoni ya Kigamboni, tunavuka, hatushuki, tunarudi nayo, tunavuka tena. Siku ya kwanza nilitapika hadharani. Mkata tiketi akaniuliza, "Mama, leo unashuka saa ngapi?" Nikamwambia, "Sishuki, najifunza meli!" Abiria wote wakaangua kicheko. Siku za baadaye tumbo likatulia. Na Zainabu yuko kando yangu, kanishikia ndimu ya kunusa.

Kisha likaja suala la gauni. Mie ni mtu wa khanga, lakini nilitaka gauni moja la maua, la kukalia kile kiti cha kulala. Nilikuwa nimezidiwa na kazi ya kuezeka, nikamtuma Zainabu kwa fundi akapimwe yeye badala yangu, kwa kuwa kimo chetu ni kimoja. Gauni lilipokuja lilinibana kifuani na kiunoni. Zainabu akasema, "Kungwi wangu, mpaka siku ya safari utakuwa umepungua." Nikaamini. Sikujiuliza hata kidogo... mwanamke aliyesuka makuti maisha yake yote anapungulia wapi?

Selemani naye alibadilika. Yule aliyekuwa ananicheka, ghafla ndiye akawa mbele. Tiketi alikata yeye. Sanduku alilichagua yeye. Jioni ananieleza ngazi za meli, kengele ya chakula, mahali pa kusimama upate upepo. Nikajiona nimependwa uzeeni. Mjinga mie!

Jioni ya kuamkia safari nilikuwa nimefunga kila kitu. Mikate ya ufuta, samaki wa kukaanga, achari, khanga zangu doti mpya, lile gauni. Zainabu aliingia amejishika kichwa. Akasema mjomba wake wa Chanika ameleta habari kwamba binti wa nyumba yao amevunja ungo, na wazee wamesema hawamtaki kungwi mwingine ila Bi Mwasiti. Niende alfajiri.

Wenzangu wa pwani mtanielewa. Kungwi akiitwa kwa jina lake haulizi maswali, hasemi nitakuja kesho, hamtumi mwingine. Ukikataa, msichana yule anabaki na doa, na wewe huitwi tena. Tena ukishaingia ndani na mwali hutoki mpaka atoke yeye. Siku zinapita humo.

Nililia kama mtoto. Nilikaa juu ya lile sanduku nikalia! Zainabu akanipangusa machozi kwa ncha ya khanga yake. Selemani akanishika bega akasema kwa upole, "Nenda mke wangu, wito ni wito. Mie tiketi nitazirudisha, tutakwenda safari nyingine. Meli haihami bandari."

Upole ule! Hata leo sijui mtu anaupata wapi upole wa namna ile huku moyoni ameshika panga.

Alfajiri nikapanda basi, kipande kingine nikakanyaga kwa miguu, na vifaa vyangu vya kazi kichwani. Nilifika kwa mjomba wake Zainabu jua limeshapanda. Nilimkuta anapalilia mihogo. Akaacha jembe, akanishangaa.

"Kungwi! Kuna nini huko mjini?"

"Nimekuja kwa ajili ya mwali."

"Mwali gani?"

"Binti wa nyumba yako."

Mzee yule akageuka kutazama uani kwake. Kulikuwa na katoto kamekaa chini, uji umekauka mashavuni, kanampigia kuku kelele. Akasema, "Binti wa nyumba hii ndiye huyo. Bado anakojoa kitandani, kungwi. Utamfunda nini?"

Nilitua mzigo wangu chini. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Mambo yote yalijipanga mbele yangu kwa mara moja, kuanzia gauni mpaka upole... Waliutumia ukungwi wangu kunitoa njiani! Walijua kitu kimoja tu kinaweza kunizuia kupanda meli ile, nao wakakitumia. Na aliyewafundisha kwamba kungwi haulizi maswali ni nani? Si mie mwenyewe, niliyemweka Zainabu ndani na kumfunda?

Nilirudi mjini juu ya lori la mkaa. Nilipofika nyumbani nilikuwa mweusi kuanzia kope. Sanduku halipo. Chumba cha Zainabu kiko wazi, kitupu. Mama Anna alinitazama kama aliyeona mzuka.

"Bi Mwasiti! Si wamesema umetangulia gatini? Wametoka hapa na teksi!"

Sikunawa hata uso. Nilikimbia kutafuta gari la mjini, na nilipofika pwani meli ilikuwa imeshang'oa nanga.

Kwa wasioijua bandari yetu, mlango wake ni mwembamba. Meli ikitoka inapita karibu na ufukwe kiasi kwamba mtu aliye juu unamtambua sura. Watu huja pale kuwapungia ndugu zao mikono. Nami nikasimama katikati yao, na masizi yangu ya mkaa, nikatazama juu.

Niliwaona.

Selemani kavaa shati jeupe. Zainabu yuko kando yake, ndani ya gauni langu la maua, na lilimkaa vizuri, kwa nini lisimkae? Lilikatwa kwa mwili wake! Nilipiga kelele, "Zainabuuu!" Akageuka. Akaniona, hilo naapa. Kwanza alishtuka. Halafu, wasomaji wenzangu, aliinua mkono akanipungia... akiwa anacheka!

Mwanamke mmoja kando yangu akaniuliza kwa wema, "Mwanao huyo, mama?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Mwanangu."

Pale pale chozi likakauka. Sikulia tena siku ile wala iliyofuata. Nilirudi Temeke nikaoga, nikala nikashiba, nikakaa kufikiri. Ile meli si ingerudi? Ingerudi! Na wao hawana mabawa, wangeshuka mahali pale pale walipopandia. Nilikuwa na muda wa kutosha.

Selemani alikuwa na kijumba chake Mbagala, cha miti na udongo, alichokijenga tukiwa tayari tumeoana. Alikuwa amesema ni cha kupangisha. Nilikwenda kukitazama na ufunguo wa akiba. Ndani nikakuta kitanda kipya na pazia la waridi. Nikajua walipopanga kufikia.

Lakini juu ya nyumba ile kuna nini? Makuti. Na makuti yale alisuka nani, na hakulipwa na nani? Mie!

Nikawaita wali niliowafunda. Sikuwaeleza kwa kirefu, niliwaambia tu Zainabu amefanya nini. Walikuja kutoka Mtoni, Tandika, Yombo, wengine na watoto mgongoni, tukapanda juu ya nyumba ile na kuanza kuvua kuti moja moja. Tulifanya kazi tunaimba. Balozi wa huko akatoka mbio.

"Mama! Unabomoa nyumba ya mtu?"

"Sibomoi, bwana balozi. Nachukua mali yangu. Miti yake ile pale, udongo wake ule pale, pazia lake sijaligusa. Kama yapo makuti aliyosuka yeye nioneshe, niyaache."

Alizunguka nyumba mara moja, akajikuna kisogo, akasema hajaona kosa. Kijumba kikabaki kama sufuria isiyo na mfuniko. Nguo zote za Selemani, viatu, kiti chake cha uvivu, redio yake, tukavileta kutoka kwangu, tukavipanga mle sebuleni vizuri kabisa. Ilikuwa mwezi wa masika.

Walirudi Temeke mchana mmoja kwa teksi, wameng'aa, wamenenepa kwa chakula cha mezani. Selemani alifikiri nini? Alifikiri bado nimesimama pwani nalia na masizi yangu? Alifikiri nitapiga magoti? Sijui. Alikuja kuchukua vitu vyake akijiona bwana.

Tulikuwa tumejaa barazani, mie katikati, wali niliowafunda kulia na kushoto, Mama Anna naye kajifunga khanga ya kuazima. Zainabu akashuka. Akapiga goti nusu.

"Shikamoo, kungwi wangu."

Hakuna aliyeitika. Akarudia. Hakuna. Ilisikika teksi tu ikiunguruma. Mwanamke wa makamo akiamkiwa asipoitikia, mnaujua uzito wake. Na pale walikuwa wanawake baraza nzima!

Nikasema, "Wewe huna kungwi. Yote niliyokupa leo nimeyavua. Atakayekwenda kwako ukiolewa, atakayekwenda kwako ukizaa, huyo asije kwangu tena."

Wote wakasema kwa pamoja, "Hatuendi!"

Selemani akaanza kukoroma, oh wanawake wa mjini, oh mie mume halali. Nikamwambia, "Mume wangu, mzigo wako uko Mbagala, nimekupangia sebuleni. Habari za Mombasa?" Mama Anna akadakia, "Na tumbo halikukusumbua, baba?" Baraza likavunjika kwa kicheko. Walipanda teksi wakaondoka, na mvua ikaanza kabla hawajafika njia kuu. Niambieni, ile mvua niliiita mie?

Wiki ile ile alinipa talaka mbele ya balozi, nguo zake bado zinanuka ukungu. Makuti hakupata pa kununua. Kila msukaji wa upande ule nilimfundisha mie au alifundishwa na niliyemfundisha. Wakahamia Chanika kwa mjomba, wakaishi kwenye kibanda cha nyasi. Selemani aliacha kazi ya bandari, akaanza kuzurura, na mwisho akashuka kusini na mwanamke mwingine. Alimwacha Zainabu na mtoto wa kike wa kunyonya. Nilipoletewa habari ile nilipika pilau. Siwafichi. Nilipika pilau na jirani wakala.

Mngefikiri yameisha. Hayajaisha!

Miaka ikapita, kisomo kikaja, nikajifunza kuandika. Siku moja nimekaa barazani na kazi yangu, akaja mwanamke amekonda, khanga imechakaa, na msichana nyuma yake. Sikumtambua mpaka alipopiga magoti yote mawili mchangani.

Alikuja kwa ajili ya binti yake, Rukia. Mtoto alikuwa amekua, na hakuna kungwi hata mmoja, Temeke wala Chanika, aliyekubali kumweka ndani. Kila alipobisha aliulizwa: wewe si yule wa meli? Na kwetu msichana asiyefundwa ni msungo. Hawi na kauli shughulini, anafukuzwa kwenye ngoma za wenzake, anasimangwa mpaka uzee.

"Niue mie," Zainabu akasema. "Mtoto hana kosa."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa na macho ya Selemani. Mnadhani nilifikiri nini? Nilifikiri: huyu ni wangu sasa.

Nikamwambia mama yake, "Namchukua. Wewe rudi kwako. Mama haingii huku ndani, unaijua mila."

Nilimfunda Rukia vizuri kuliko mwali yeyote niliyepata kuwa naye. Sikumnyima kitu. Usafi, adabu, mapishi, kusema na wakubwa, kusuka kuti lisilovuja. Na alipokuwa ameshayashika yote, nikamweleza habari za meli. Sikuongeza neno, sikupunguza. Nilimweleza pantoni, nikamweleza gauni, nikamweleza mkono uliopungwa, na nani aliyeupunga. Alisikiliza, hakulia. Akaniuliza jambo moja tu, kama baba yake naye alicheka. Nikamwambia yeye alitazama pembeni.

Siku ya kumtoa nje uwanja ulijaa. Zainabu alisimama mbele kabisa na khanga mpya ya kumtunza mwanawe, uso umemchanua. Ngoma ikalia. Rukia akatoka amepambwa, akaja mpaka mbele ya mama yake, akamwamkia kwa adabu zote nilizomfunda. Halafu akasema, na watu wote wakasikia:

"Mama, mie sirudi Chanika. Nabaki kwa kungwi wangu."

Khanga ile mpya ikamponyoka Zainabu. Alinitazama... na mie nikainua mkono wangu taratibu nikampungia!

Alikwenda kwa balozi. Balozi akamwita mtoto, mtoto akasema anabaki. Alirudi kwangu akasema nimemwibia mtoto. Nikamwambia sikumwibia, nimemfunda tu, kama nilivyokufunda wewe. Sasa kila Ijumaa anakuja kutoka Chanika kumwona mwanawe. Namruhusu. Anasimama pale nje ya baraza, wanaongea, anaondoka. Kiti simpi.

Wengine mtasema nimezidisha. Semeni! Hamkuwa pale pwani na masizi usoni.

Lakini nimeahidi kusema kweli, basi nitasema na hili. Juzi tulikuwa tunasuka mie na Rukia. Bila kuinua macho akaniuliza, "Bibi, ulinichukua kwa kunipenda au kwa kumkomoa mama?"

Nilitaka kumzaba kibao. Halafu nikaona nimemfunda mwenyewe kusema kweli, nitamdanganyaje? Nikamwambia, "Kwa kumkomoa mama yako."

Akasuka kuti lake mpaka likaisha. Akaliweka juu ya mengine. Akasema, "Basi umeshamkomoa, bibi. Sasa?"

Sasa... Mie, Mwasiti, niliyewajibu mabalozi wawili na baraza zima, mtoto wa juzi alinifunga mdomo!

Wanawake wenzangu, nawaombeni msipite njia niliyopita. Ukitamani kutembea, tembea, si dhambi, na wala huhitaji msiba ili upande chombo. Lakini nguo yako pimwa wewe, tiketi yako shika wewe, na siku ya safari ukiitwa hata kwa ngoma, waambie wangoje urudi. Mtoto unayemlea mpende, lakini usimwachie mlango ambao huwezi kuufunga. Na ukidhulumiwa, lipiza ukiweza, ila kabla hujaanza jiulize utafanya nini siku utakapomaliza. Mie sikujiuliza.

Melini sijapanda mpaka leo. Tumbo langu bado zima, nauli ninayo, meli nazisikia zinapiga honi. Kila nikitaka kwenda nakumbuka kwamba chumba ni cha watu wawili.

Ijumaa Zainabu atakuja. Atasimama pale pale nje, kiti simpi... nadhani.